Mafuta ya Taa Yalipoisha Jumamosi

Maziwa ndiyo yaliyonijulisha kwamba watoto wameondoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulipokuwa Reading, Uingereza, nilinunua chupa mbili kubwa za maziwa kila Jumatatu, na ikifika Alhamisi kuna mtu analalamika jikoni kwamba hayapo. Wiki ya tatu baada ya kitinda mimba wetu kwenda Glasgow kuanza kazi, nilifungua friji nikakuta chupa nzima imechacha, hata kizibo hakijaguswa. Nilisimama mbele ya sinki nikayaangalia yakitoka mabonge mabonge. Mume wangu alipita nyuma yangu, akaona, akaniwekea mkono begani, kisha akatoka uani bila kusema neno. Jioni ile ndipo mazungumzo ya kuhama yalipoanza.

Sababu zilikuwepo. Nyumba ya vyumba vinne, watu wawili. Yeye alikuwa amestaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuendesha basi la mjini; mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazee na magoti yangu yalishaanza kudai haki yao. Tungeuza, tungemaliza deni la benki na kubaki na fedha za kununua kitu kidogo mahali penye hewa na nafasi. Kurudi Tanga moja kwa moja tulishakujadili mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa bado: watoto wote watatu wako huku, na mjukuu wa kwanza alikuwa njiani. Basi likabaki swali moja, katika mashamba yote ya Uingereza, tukae wapi?

Hapo tukagawanyika. Mume wangu ni mtoto wa Pangani. Amekulia mahali ambapo asubuhi mtu hutazama bahari kwanza, ndipo anawe uso. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Kwangu mimi nchi isiyo na mlima ni kama chumba kisicho na ukuta, hujui uegemee wapi. Miaka yote ya Reading hakuna aliyepata alichotaka, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Sasa kila mmoja alikuwa na ramani yake juu ya meza ya chakula, na kalamu yake.

Tulianza na bahari kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Tulikwenda pwani ya Norfolk, kijiji kinachoandikwa Happisburgh na wenyeji wakakitamka Heizbra. Kuna mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, kuna kanisa lenye mnara mrefu, na bei za nyumba zilizo karibu na maji ziko chini kiasi cha kumfanya mtu asome tangazo mara mbili. Tukafuata barabara ya kwenda ufukweni. Barabara ile haifiki ufukweni. Inakwenda, lami nzuri kabisa, kisha inakatika hewani kama mkate uliomegwa, na chini yake ni genge la mchanga na udongo ambalo bahari inalila kila majira ya baridi. Nyumba kadhaa zilizokuwa hapo hazipo tena. Na mwenye nyumba hafidiwi. Serikali ya huku hailipi nyumba iliyoliwa na bahari.

Chini ya magenge hayo, mwaka 2013, wataalamu waliona nyayo za binadamu wa kale kwenye tope gumu, nyayo zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Hazikuwahi kupatikana nyayo kongwe kama hizo nje ya Afrika. Zilidumu wiki chache tu, mawimbi yakazifuta. Sisi tunaotoka nchi ya Laetoli, yenye nyayo za miaka milioni 3.6, tunajua thamani ya kitu kama hicho. Mume wangu alisimama ukingoni muda mrefu akiwa amefumbata mikono. Nilidhani anapenda. Aliponigeukia alisema, "Mama Watoto, hii ni Maziwe." Maziwe ni kisiwa kilichokuwa mbele ya Pangani. Baba yake alikuwa akitua pale na ngalawa, akipumzika chini ya mivinje. Mivinje ikaanguka mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti tena. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulioni. Aliingia garini akawasha injini. Ramani yake ya Norfolk aliikunja kabla hatujafika barabara kuu.

Lincolnshire haikutuchukua muda, lakini siwezi kuiruka. Nyanya mzaa mama wa mume wangu alikuwa Mwanglikana wa Magila, kule karibu na Muheza, na katika familia ile jina la Askofu Steere linatajwa kama la babu. Edward Steere ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, ndiye aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, na humo ndimo alimozikwa mwaka 1882. Kabla ya hayo yote alikuwa kasisi wa kijiji kidogo cha Lincolnshire kiitwacho Little Steeping. Tulisimama pale kwa muda wa saa moja mchana, katikati ya nchi iliyolala kama meza, mashamba ya ngano na mitaro iliyonyooka, na hatukuona mtu barabarani. Nilijiuliza kasisi yule alifikiri nini aliposhuka Unguja na kusikia kelele za Darajani. Mume wangu aliguswa, akataka tutazame nyumba za karibu, na zilikuwa rahisi kweli. Ile tuliyoipenda ilikuwa na karo iliyomwaga maji machafu moja kwa moja mtaroni, jambo ambalo sheria ya huku hailiruhusu tangu tarehe 1 Januari 2020, na kazi ya kuibadilisha ingekuwa juu yetu. Tena ile ni nchi ya chini. Usiku wa Januari 31, mwaka 1953, bahari ilivunja kingo za pwani ya mashariki na watu 307 wakafa Uingereza. Nilimwambia mume wangu, mimi siwezi kulala mahali ambapo nikiinua macho naona maji yako juu ya bega langu. Akakubali.

Devon ndiko tulikoumia.

Kule nyumba za kale zimejengwa kwa udongo. Sisemi matofali ya kuchoma, nasema udongo wenyewe, uliokandwa kwa miguu pamoja na mabua ya ngano na maji, ukapandishwa tabaka kwa tabaka hadi ukuta ukawa mnene kama urefu wa mkono. Juu wameezeka kwa mabua au matete, paa limeshuka hadi kwenye madirisha kama ukingo wa kofia. Nilipoingia katika nyumba ya kwanza ya namna hiyo niliweka kiganja ukutani, nikahisi ule ubaridi wa ukuta wa nyumba ya bibi yangu, na machozi yakanitoka. Dalali hakuelewa. Mume wangu yeye alikuwa nje anakagua paa. Alikulia chini ya makuti, anajua kuwa kilemba cha paa ndicho kinachooza kwanza. Aliuliza kilibadilishwa lini, akajibiwa miaka minane iliyopita, akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana huku kilemba hukaa miaka kumi hadi kumi na tano. Makuti yetu yangekuwa yameezekwa upya mara mbili au tatu.

Tulitoa bei, mwenye nyumba akaikubali, tukapeana mikono jikoni kwake. Kwetu sisi mkono ule ulikuwa mkataba. Tukamlipa mkaguzi wa nyumba, tukamlipa wakili, tukawaambia watoto. Binti yetu mkubwa akaanza kutafuta pazia. Mkaguzi alileta ripoti ya kurasa sabini. Humo tulijifunza kwamba nyumba ile imeandikwa katika orodha ya majengo ya kihistoria, na kwamba kubadilisha hata dirisha bila kibali ni kosa la jinai, siyo faini ya kawaida ya manispaa. Tulijifunza pia kuwa darini mnalala popo, na popo wa Uingereza wanalindwa na sheria. Huruhusiwi kuwafukuza wala kuziba tundu wanalopitia. Mume wangu alisema popo hawamsumbui, Pangani walilala nao. Mimi nilikuwa tayari kupokea popo, dirisha na ripoti nzima.

Wiki ya sita dalali akapiga simu. Amekuja mtu mwingine na bei ya juu, na mwenye nyumba ameichukua. Nilimuuliza wakili kama hilo linawezekana baada ya kupeana mikono. Linawezekana. Katika Uingereza neno la kukubali bei halimfungi mtu yeyote mpaka siku mawakili wanapobadilishana mikataba, na kati ya siku hizo mbili unaweza kupoteza miezi na fedha zako zote za ukaguzi. Sisi tulipoteza zaidi ya pauni elfu moja na mia tatu. Nasema wazi kwamba huu ni utaratibu mbaya. Unamtaka mnunuzi aweke fedha mezani huku muuzaji hajaweka hata neno lake, na wanaoumia zaidi ni watu waliolelewa kuamini kuwa neno ni deni.

Baada ya hapo mume wangu akasema jambo la busara: tusinunue tena mahali ambapo hatujawahi kulala. Tulikuwa tumeuza Reading, vyombo vyetu viko ghalani, na tukaamua kupanga nyumba kwa majira ya baridi moja, huko huko tunakotaka. Zamu ikawa yangu. Nikachagua kusini mwa Shropshire, nchi ya vilima mpakani na Wales.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya karne ya 17, peke yake mwishoni mwa njia nyembamba yenye ua wa michongoma pande zote mbili, maili tano kutoka kituo cha treni cha karibu. Boriti za mwaloni zimepakwa rangi nyeusi, katikati yake kuta nyeupe. Watu huja kutoka mbali kupiga picha nyumba kama hizi. Lakini penye kona ya ngazi chokaa ilikuwa imebanduka, na ndani nikaona fito zilizosukwa na udongo uliokandikwa. Nikamwita mume wangu aje aone. Ilikuwa mbavu za mbwa, vile vile kama za kijijini kwetu, nyumba ambazo nyumbani tunazibomoa kwa aibu mara tu mtoto akipata kazi mjini. Huku zimesimama miaka mia tatu na ushee, na mtu akitaka kuzitoboa lazima aombe kibali.

Oktoba ilikuwa asali. Nilipanda vilima kila asubuhi, ukungu ukikaa bondeni kama unavyokaa Lushoto, nikasikia kondoo kabla sijawaona. Novemba jua likaanza kuondoka mapema. Desemba, saa kumi jioni ikigonga, giza linaanza kushuka, na giza la kijiji kile halina taa hata moja ya barabarani. Mtandao wa simu ulipatikana penye lango la juu tu, mita mia mbili kutoka mlangoni. Basi lilipita siku mbili kwa wiki. Mume wangu, mtu wa mabasi, aliibandika ratiba yake kwenye mlango wa kabati, akaitazama kwa huzuni kila alipopita. Reli iliyokuwa ikipita karibu na kijiji ilifungwa zamani, katika miaka ile baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufunga stesheni zaidi ya elfu mbili nchini kote. Hilo la usafiri halikututisha bado, kwa sababu tulikuwa na gari.

Mimi siendeshi. Hili ningepaswa kulitaja mapema. Reading sikuhitaji, basi lilinichukua mlangoni na kunishusha hospitali, na mara nyingi dereva alikuwa mume wangu.

Vijiji vingi vya huku havina bomba la gesi. Nyumba inapashwa joto na boila inayotumia mafuta, na nilipomuuliza mwenye nyumba ni mafuta gani, nikasikia kwamba ni mafuta ya taa. Mafuta ya taa yale yale ya koroboi na jiko la Mchina. Tofauti ni kiasi: nyumbani tulinunua kwa chupa ya soda, huku gari la mafuta haliji kwako kwa chini ya lita 500. Nje, nyuma ya banda la kuni, kuna tangi la plastiki la kijani lenye kipimo pembeni, kijitufe chekundu kinachopanda na kushuka. Kila Jumapili mume wangu alikitazama. Kilikuwa nusu. Kilikuwa nusu wiki nne mfululizo, na sisi tukamshukuru Mungu kwa nyumba isiyokula mafuta.

Jumamosi ya pili ya Januari niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa baridi ya puani. Redieta ilikuwa kama jiwe la mtoni. Mume wangu alitoka na tochi, akagonga kipimo kwa kidole, na kijitufe kikaanguka hadi chini. Kilikuwa kimekwama. Tangi lilikuwa tupu.

Alipanda hadi langoni kupiga simu. Muuzaji wa mafuta alisema gari la mapema kabisa ni Alhamisi. Aliporudi alipitia bandani kuchukua kuni, na mimi niliyekuwa dirishani nikamwona anatoka na kuni mikononi, hatua tatu, kisha mguu wa kulia ukamponyoka juu ya barafu ambayo haionekani, ile nyembamba inayofanana na lami iliyolowa. Aliangukia mkono. Nilisikia sauti yake kupitia kioo.

Nimefunga mikono ya watu wengi iliyovunjika. Nilipomgusa nilijua. Nilimwingiza ndani, nikamfunga kwa mtandio wangu na gazeti lililokunjwa, nikamfunika blanketi mbili, kisha nikasimama katikati ya jikoni nikautazama ufunguo wa gari uliotundikwa ukutani. Miaka thelathini ya uuguzi, na ufunguo ule haukuwa na maana yoyote mikononi mwangu.

Nilivaa buti nikashuka kwa jirani, nusu maili. Ni mjane wa mkulima, alikuwa na miaka sabini na tisa, na mpaka siku ile tulikuwa tumesalimiana tu na kupeana mayai. Alinisikiliza mlangoni, akachukua koti, akawasha Land Rover yake kuukuu bila kuuliza swali. Barabara ya chini ilikuwa imefunikwa na maji ya mto Teme, ikabidi tuzunguke juu. Alitupeleka hadi Hereford, akakaa nasi kwenye viti vya plastiki saa nne nzima akifuma soksi. Niliomba radhi kwa kumpotezea siku. Akasema Jumamosi zake nyingi hazina mtu wa kuzipoteza naye.

Tulirudi jioni, mume wangu na plasta hadi kiwikoni, nyumba ikiwa na baridi ya kuonesha pumzi. Jirani alitushusha, akaondoka, na mimi nikadhani ndiyo kwaheri. Baada ya nusu saa taa za gari zikapanda tena njiani. Alikuwa ameleta dumu la lita ishirini la mafuta ya taa kutoka kwenye tangi lake, spana, na kopo la jemu tupu. Nilishika tochi, yeye akamimina. Kisha akanionesha jambo ambalo hakuna aliyetuambia siku ya kupanga: tangi likikauka, hewa huingia kwenye bomba, na hata ukijaza mafuta boila haitawaka mpaka hewa itoke. Alipiga magoti kwenye sakafu ya jiwe, akalegeza skrubu ndogo pembeni mwa pampu, akaweka kopo chini yake. Yakatoka mapovu, mapovu, yakakohoa, kisha mafuta yakaanza kushuka uzi mmoja usiokatika. Akakaza. Akabonyeza kitufe. Boila ikanguruma. Harufu ile ya mafuta ya taa ilijaa jikoni, na kwa muda nikawa kwa bibi yangu, utambi umekatwa, taa inawashwa.

Nilimpikia chai ya tangawizi na mandazi ya jana yaliyopashwa. Akala matatu. Ndipo aliposema, polepole, huku akiitazama plasta ya mume wangu, kwamba macho yake yanafifia na daktari ameshamwambia mwaka huu ndio wa mwisho kuendesha. Mwanawe yuko Australia. Alisema alipaswa kuhama miaka kumi na tano iliyopita, alipokuwa na umri wetu, wakati bado ana nguvu ya kujuana na watu wapya. Alisubiri kwa sababu ya mandhari, na sasa hata mandhari yenyewe haioni vizuri. Hakulia. Alikunja kitambaa cha mezani mara nne, akakikunjua.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukulala mapema. Yeye ndiye aliyesema: "Tumekuwa tunachagua dirisha. Hatujachagua mlango."

Plasta ilikaa wiki sita, na wiki hizo sita ndizo zilizotutafutia nyumba. Gari halikuondoka. Tulikwenda mahali tunapoweza kufika kwa basi la Jumanne na la Ijumaa hadi stesheni, kisha treni, kisha miguu yetu. Ludlow tuliipenda, ngome yake na soko lake, ila bei zake zilitupita. Tukashuka Church Stretton. Ni mji mdogo kati ya vilima, na juu yake umekaa Long Mynd, mita 516 penye kilele. Mbele ya Usambara huo ni mlima wa watoto, lakini una ukungu, una vijito, na njia inaanzia nyuma ya maduka. Nilisimama kwenye jukwaa la stesheni nikaangalia saa. Dakika nne tuko kwa daktari wa familia. Dakika mbili zaidi duka la nyama, posta, maktaba. Watu watatu walitusalimu, na mmoja akauliza mkono umefanyaje.

Nyumba tuliyoinunua si ya kupigwa picha. Ilijengwa miaka ya 1960, matofali ya kawaida, haina ngazi, ina vyumba vitatu na gesi ya bomba. Safari hii hatukupeana mikono na mtu; tulimwambia wakili aharakishe, na siku mawakili walipobadilishana mikataba ndipo tulipowapigia watoto. Wa kati anatoka Cardiff kwa treni moja bila kubadilisha. Kitinda mimba anabadilisha Crewe. Na mume wangu, ambaye nilihofia nimemnyang'anya bahari, aligundua kabla yangu kwamba dakika kama kumi na tano hadi Shrewsbury, kisha treni ya Wales, zinamfikisha Aberystwyth au Barmouth, na reli ile inakwenda kando ya maji kabisa. Huenda mara moja kwa mwezi, na mkate wa mayai kwenye mfuko wa koti. Akirudi ananukia chumvi.

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzetu wengi ambao sasa wako pale tulipokuwa, watoto wamekwenda, nyumba imenyamaza, na ramani iko mezani. Tafadhali pangeni kwanza, na pangeni kuanzia Novemba hadi Machi, siyo Juni. Muacheni anayeendesha gari akae kiti cha nyuma katika uamuzi. Aulizwe kwanza asiyeendesha. Na kipimo cha tangi mkigonge kwa kidole kila wiki.

Jirani yetu aliuza Aprili. Anaishi mtaa wa tatu kutoka kwetu, huja Alhamisi kunywa chai ya tangawizi. Dumu lake tunalo bado, liko bandani, limeoshwa. Nilitaka kulirudisha akakataa, kwa kuwa nyumba aliyohamia ina gesi.